Timu ya Ushirika Ndani ya Kompyuta ya Ilyasi

Kwanza usicheke. Kwenye benchi la kibarazani kwa Ilyasi, Mbinga mjini, ndipo Wamatengo watu wazima walipojifunzia kunywa kahawa. Walikuwa wameilima tangu utoto, wameichuma, wameimenya, wameianika na kuiuza yote, ila kuionja hawajawahi, hadi Fakihi, mtu wa Kilwa, alipokuja na dele lake, lile birika la kahawa, vikombe vidogo na sahani ya kashata. Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeshazoeleka. Ushirika wa kahawa umekufa, na benchi lenyewe lilitoka kwenye ghala lake siku ghala lilipofungwa. Nyuma ya benchi, mlango ukiwa wazi, kilikuwa chumba cha kompyuta, mahali wanafunzi walipocheza mpira wa kwenye kioo na walimu walipochapishiwa mitihani. Jumamosi hiyo ya mwezi wa sita, ukungu bado uko barabarani, kompyuta ilikuwa imezimika tena na benchi zima limekaa kuitafutia ugonjwa.

Tadei alifika wa mwisho, koti amelifunga hadi kooni. Walimwita Beki, jina alilolipata ujanani na ambalo tumbo lake la sasa lilikuwa limeacha kulitetea.

— Imekufa au imezimia? aliuliza kabla hata ya kukaa.

— Imezimia, mzee Beki, akajibu Ilyasi kutoka mlangoni, bisibisi mkononi. Alikuwa kijana mpole, mwenye kompyuta na mwenye hasara. — Mpira uko hewani, picha ikaganda, sauti ikakoroma. Kioo kikawa cha bluu, maandishi meupe. Halafu ikajiwasha yenyewe, utadhani hakuna kilichotokea.

— Dakika ya ngapi?

— Haina dakika. Jana ilicheza mchana kutwa. Leo hata kona ya kwanza haijapigwa.

Fakihi alimpa Tadei kikombe na kutoa hukumu hapohapo.

— Umeme huo. Unapanda, unashuka. Friji langu mwenyewe linalia usiku.

— Nimeweka stabilaiza, mzee Fakihi. Taa yake ni ya kijani muda wote, na mashine inaanguka vilevile.

— Basi joto, akasema Kilian. Huyu alikuwa bwana shamba wa serikali mpaka walipopunguza watu kazini, na tangu siku hiyo alitoa ushauri wa bure juu ya kila kitu ambacho si shamba. Jina la Bwana Shamba lilimbakia, mshahara haukumbakia.

— Bwana Shamba, mimi hapa nimevaa sweta mbili na koti, Tadei alisema. — Joto la wapi?

— La ndani. Kahawa mbichi ukiirundika inachemka tumboni hata kama nje kuna baridi. Ingiza mkono utaniambia.

— Nimeifungua ubavu, Ilyasi akasema. — Nimepuliza vumbi lote. Feni inazunguka. Ukiigusa ndani ni ya baridi kabisa.

— Basi ni baridi, Kilian akasema bila haya yoyote.

— Na vile vijiti vyake? Tadei aliuliza. — Wiki iliyopita ulisema vijiti.

— Memori. Ziko mbili. Nilitoa moja, ikazimika. Nikairudisha, nikatoa ya pili, ikazimika. Zote mbili haziwezi kuwa mbovu kwa pamoja. Nadhani.

Hilo "nadhani" lilimpa Fakihi nafasi. Alivuta shuka lake mabegani na kusema kwamba wote wanatafuta ugonjwa mwilini, kumbe uko kwenye historia ya mgonjwa.

— Huu ni mtumba. Huko ulikotoka ulikuwa ofisini, unaandika barua, unapumzika saa kumi. Leo mnautaka ukimbize mpira dakika tisini. Hata mimi ningeanguka.

— Wewe ungeanguka wakati wa kufunga viatu, Tadei akasema, na benchi likacheka.

Kilian peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini na kuteremsha sauti.

— Mimi nitasema mnalolijua na hamlisemi. Inaanguka Placidi akipata mpira. Mtu amezikwa mwaka jana, tumeshika majembe sisi wenyewe, halafu mnamkimbiza winga ya kulia kila Jumapili baada ya misa. Maiti atamaliza dakika tisini na pumzi za nani?

Tadei aligeuka kuangalia chumba cha kompyuta. Ni lazima nikueleze. Ndani ya kompyuta ile walikaa watu wao. Mwaka wa sabini na nne timu ya Ushirika ilikuwa haifungiki kutoka kijiji cha Ruanda hadi ziwani. Siku za mechi lori la kahawa liliwapakia juu ya magunia matupu, wanawake wakiwapigia vigelegele njia nzima. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, ushirika ukafa, na timu haikupata hata mtu wa kuitangazia msiba. Placidi, nahodha wao, ndiye aliyegundua kwamba mchezo wa Ilyasi unaruhusu kuunda timu yako mwenyewe. Alikaa mchana mzima na kijana huyo, akapanga kumi na mmoja, jezi za kijani, mistari myeupe. Tangu hapo kila Jumapili Ilyasi alicheza, na wazee walisimama nyuma yake wakijitazama wakikimbia. Tadei alipenda sana kujiona akikimbia. Hakumwambia mtu, ila wiki yake yote ilikuwa inaelekea hapo.

— Siyo Placidi, Ilyasi alisema taratibu. — Juzi ilianguka wanafunzi wakichezea timu za Ulaya. Nimeongea na fundi Egidi wa Songea. Anakuja na basi la mchana. Anasema imebaki diski au pawa saplai inayogawa umeme ndani, na kwa dalili hizi anaona diski. Anakuja na mpya. Ya zamani anaitoa, kila kilichomo kinaondoka nayo.

— Na timu? Tadei aliuliza.

— Timu ndiyo imo humo, mzee.

Tadei akapiga funda moja la kahawa, kisha akajipa moyo mwenyewe.

— Acha aitoe. Timu tutaipanga upya, iko kichwani. Tena safari hii vizuri. Si ulisema mchezo mpya utakaouweka una nafasi ya majina marefu?

— Unaandika jina na la baba. Ule wa zamani ulikuwa unakata herufi.

— Sawasawa. Mtu aandikwe kama alivyobatizwa. Mimi sitaki tena kukimbia na jina nusu.

Wakati huo alikuja mwalimu Restituta na mitihani yake mkononi. Alikuwa na mwezi mmoja tu tangu ahamishiwe sekondari ya mjini. Aliwaamkia wote shikamoo, wakaitikia, wakamweleza msiba. Aliona hawezi kuchapishiwa kitu kabla ya fundi, akakaa mwisho wa benchi. Fakihi alimpa kikombe.

— Nitajieni majina ya hao wachezaji basi, mwalimu alisema. — Nitayaandika nyuma ya karatasi hii iliyoharibika. Fundi akimaliza, Ilyasi anajaza tu.

Wazee walijiweka sawa, hata migongo ikanyooka. Wakaanza na kipa, wakapita kwa Tadei mwenyewe, beki namba tatu. Kila jina lilikuja na baba yake, kijiji chake na goli lake. Huyu wa Mbuji alifunga kwa kichwa kwenye matope. Yule alioa dada wa refa, ikawasaidia. Restituta aliandika na kucheka, na Tadei alijisikia kijana.

— Namba nne, Kilian akasema, — Mnyasa.

— Mnyasa, Tadei akaitikia kwa raha. — Mwalimu, huyo hukumwona. Miguu peku, hataki viatu. Mpira ukifika kwake umefika ukutani. Alikuwa anapanda huku kutoka ziwani na lori la samaki, kikapu cha usipa mkavu, dagaa wa huko, kichwani, zawadi kwa timu nzima. Usiku wa mechi alilala kwetu. Mama yangu alimpenda kuliko mimi.

— Mnyasa nani? Restituta aliuliza, kalamu bado iko karatasini.

— Mnyasa. Tulimwita hivyo.

— Mimi natoka Mbamba Bay, mzee. Kule kwetu sisi sote ni Wanyasa. Jina lake yeye?

Tadei alimtazama Kilian. Kilian akamtazama Ilyasi.

— Placidi alinitajia hivyohivyo, Ilyasi akasema. — Nikaandika Mnyasa.

— Alikuwa na jina la kanisani, Kilian alisema. — Alikuwa anakomunika na sisi kwenye misa. Linaanza na... Ngoja. Majina kamili alikuwa nayo Placidi, ndiye aliyekuwa akitupeleka kujiandikisha.

Fakihi, ambaye mwaka huo wa sabini na nne alikuwa bado Kilwa, aliinuka kwa adabu kuwajazia vikombe. Walijaribu majina ya watakatifu, moja moja, na kila moja lilikuwa la mtu mwingine. Wakajaribu kumkumbuka akiitwa na mtu wa kwao, na hawakuwahi kumwona na mtu wa kwao. Tadei aliona aibu iliyomfika hadi masikioni. Miaka minne mtu amekula kwao na kulala kwao, amesimama naye bega kwa bega langoni, na hakuna hata siku moja aliyomuuliza anaitwaje.

Alisimama, akafunga kifungo cha juu cha koti.

— Ilyasi, fundi akifika mwambie aweke diski yake. Timu msiipange. Msijaze hata jina langu.

— Unakwenda wapi, mzee Beki?

— Gari la Mbamba Bay bado halijajaa. Nashuka ziwani. Mji wenyewe si mkubwa, na mtu aliyecheza mpira vile lazima anajulikana. Nitamuulizia, nitarudi na jina lake na la baba yake, ndipo tuandike.

Kilian aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa wazo zuri, la kwanza zuri asubuhi nzima. Tadei alikuwa ameshashuka kibarazani na kufika barabarani Restituta aliposimama kumfuata, akamsemesha kwa heshima na kwa nia ya kumsaidia tu, maana watu wa kule anawajua.

— Mzee, ukifika, utamuulizia nani?

Tadei alibaki amesimama barabarani. Alikumbuka blanketi walilojifunika wawili wakati wa baridi ya mwezi wa sita, la kijivu, lenye mstari mwekundu pembeni, na jinsi Mnyasa alivyokuwa akimwachia sehemu kubwa akidhani amelala. Gari la Mbamba Bay lilipiga honi stendi, mara mbili, na benchi zima lilikuwa likimtazama yeye.