Bi. Fausta Ditram na King'ora cha Kiangazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Bi. Fausta Ditram anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kituo chetu cha tahadhari ya mafuriko hapa Kilosa kitabaki na kompyuta zote, ila kicheko chake anaondoka nacho, na mimi binafsi sijalikubali jambo hilo.

Alianza kama fundi wa redio. Baadaye akajifunza lugha ya kompyuta iitwayo C, akaandika programu zinazosoma kina cha maji mtoni na kuamuru king'ora kilie. Vijana walipoleta Lua, lugha nyepesi ya kuandikia masharti ya tahadhari, tulitegemea atanuna. Wapi! Aliomba mwenyewe kuziunganisha lugha hizo mbili, kazi ambayo wengine wote tulikuwa tunaikwepa.

Kazi yenyewe iko hivi. Lua ikitaka C ifanye hesabu, huipangia thamani, yaani namba za vipimo, moja juu ya nyingine, kama sahani, na C huzichukua kwa mpangilio huo. Kwenye Lua kila thamani ina jina: hii ni kina cha mto, hii ni kikomo cha hatari. Kwenye C majina hayavuki. Iliyotangulia ndiyo kina, basi.

Kiangazi kimoja Bi. Fausta alibadilisha mistari michache, akatanguliza kikomo. C ikakichukua kama kina, na kina kidogo cha kiangazi ikakifanya kikomo, ikaamini mto umefurika. King'ora kikalia jua likiwa utosini. Kijiji kizima cha Mabwerebwere, kando ya mto, kikakimbilia mwinukoni na magodoro kichwani, huku mtoni mbuzi wanavuka bila kulowa magoti.

Ofisini tulicheka wiki nzima. Yeye hakucheka. Alijua kuwa mtu aliyekimbizwa bure mara ya kwanza, mara ya pili hukaa, na mara ya pili maji huwa ya kweli.

Programu aliirekebisha siku ileile. Tangu hapo thamani huvuka na majina yake, na C huikagua kila moja kabla ya kuipokea. Sehemu hiyo ya ukaguzi aliibatiza "hodi", na thamani isiyoeleweka hurudishwa mlangoni.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna bosi aliyemtuma. Alikwenda Mabwerebwere nyumba kwa nyumba. Kwa wazee alianza na shikamoo, akasubiri marahaba, ndipo akasema kosa ni lake, si la mashine. Bi. Mwanasha, muuza vitumbua aliyemwaga unga wake wote katika mbio zile, alimsema weee, akaishia kumkaribisha chai.

Masika yaliyofuata mto ulikuja kweli, alasiri. King'ora kilipolia, tulishikwa na hofu kwamba watu watabaki ndani. Walitoka wote. Nyumba kadhaa zilichukuliwa na maji, lakini hatukuzika mtu. Bi. Mwanasha, amelowa chapachapa, alitueleza palepale mwinukoni: "King'ora mie sikukiamini. Nilimwamini Fausta."

Sasa anahamia Mikumi, kwenye shamba la ndizi ambalo tembo wamekwisha kulionja. Tunawaonya tembo hao mapema.

Dada yetu, asante sana. King'ora umetuachia kizima. Imani ya watu hukuweza kutuachia, hiyo tutaitafuta wenyewe kama ulivyoitafuta wewe, kwa miguu, mlango kwa mlango. Kapumzike salama, na maisha yakuendee vema.