Joackim Karugendo, Aliyetembea Hadi Miembeni kwa Viatu vya Mkewe

Ndugu, majirani na wageni mliopanda mpaka Kamachumu leo, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, tunawashukuru. Huyu tunayemzika alituomba jambo moja akiwa mzima, tena mara nyingi: siku yake ikifika, tusimpambe. "Mkinipamba," alisema, "Immakulata atasimama katikati ya watu anivue hayo mapambo." Tumejitahidi kumtii.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Agosti 1974 katika kibanja hiki hiki, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Gamaliel Karugendo na mama Georgina, ambao wote wametangulia. Mzee Gamaliel alikuwa na mibuni mizuri kuliko yote kijijini, na mkono mzito kuliko yote. Watoto walimtambua alivyoamka kwa namna alivyofungua mlango. Marehemu aliwasimulia wanawe kwamba siku mama yake alipovunjwa mbavu, yeye alikuwa amejificha chini ya kitanda, na kwamba hakulia. Alisema, "Nilikuwa najifunza."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1983 hadi 1989. Alikuwa na sauti nzuri, na wageni walipokuja shuleni ndiye aliyesimamishwa kukariri mashairi, amevaa shati la kuazima lililomfika magotini. Mwaka 1990 aliingia sekondari mjini Bukoba. Akiwa kidato cha pili alimvunja mwenzake mkono kwa mpini wa jembe, kisa sahani ya maharage. Alifukuzwa. Nyumbani, mzee alimpokea kwa mpini mwingine.

Mwaka 1993 alivuka kwenda kisiwa cha Goziba akiwa kibarua wa mtumbwi wa dagaa. Kufikia mwaka 2005 alikuwa na mitumbwi mitatu na jina la Nyundo. Jina hilo hakupewa kwa useremala. Vibarua waliochelewa kuamka walimwagiwa maji ya ziwa, kisha mateke. Mtu mmoja alipoteza meno mawili kwa sababu ya wavu uliochanika. Watu wa Goziba mliopo hapa mnayajua haya kuliko sisi, na baadhi yenu mna makovu.

Tarehe 30 Desemba 2000 alifunga ndoa na Immakulata katika kanisa la hapa Kamachumu. Mungu aliwajalia watoto watatu: Annastella, Abel na Klaudia. Wakati wa harusi marehemu alimwimbia bibi harusi beti sita alizotunga mwenyewe, na wazee walilia. Mwezi wa pili wa ndoa alimpiga kwa mara ya kwanza. Beti zile Immakulata anazo mpaka leo.

Novemba 2012 senene, panzi wetu wa msimu, walishuka kwa wingi. Immakulata aliamka alfajiri, akaokota debe zima, akawakaanga, akampelekea mumewe kama mila yetu inavyotaka. Nanyi mnajua mila hiyo ina upande wa pili: mume aliyekula senene humvisha mkewe. Marehemu alikwenda Bukoba akamnunulia viatu vyekundu vya mchuchumio, kwa sababu ndivyo mkewe alivyoomba. Jumamosi tarehe 1 Desemba Immakulata alivivaa kwenye harusi ya ndugu. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Huyo mama anatembea kama mwenye barabara."

Ni hilo tu lililosemwa. Walipofika nyumbani, marehemu alimvua kiatu cha kulia, akampiga nacho usoni, kisigino kikitangulia. Alimpiga tena alipokuwa ameanguka. Immakulata alipoteza jicho la kushoto. Annastella, akiwa na miaka kumi na mmoja, alivipangusa viatu damu, akavitia kwenye mfuko wa unga na kuuficha. Hakujua kwa nini anavitunza.

Wazee walikaa. Upande wetu ulipeleka mbuzi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wakwe, kama ilivyozoeleka, ili mke arudi. Kosa hilo ni letu, si la marehemu peke yake. Boniface, kaka yake Immakulata, alimtazama mbuzi kwa muda mrefu.

"Huyu ana macho mawili," alisema. "Haya, wazee, mtoeni moja mumpe dada yangu, kisha tunywe."

Hakuna aliyekunywa. Immakulata alikwenda polisi mwenyewe, bandeji ikiwa bado usoni. Marehemu alihukumiwa miaka mitano, akaitumikia yote.

Alitoka mapema mwaka 2018. Alhamisi tarehe 8 Machi alikwenda Kahororo, pembezoni mwa mji wa Bukoba, ambako Immakulata na watoto waliishi kwa Boniface, akapiga magoti mlangoni, akauliza kama amesamehewa. Immakulata aliingia ndani, akatoka na mfuko wa unga.

"Vaa," alisema.

"Mama Annastella, havinitoshi."

"Hata usoni mwangu havikutosha siku ile. Nenda mpaka Miembeni, kule mjini, urudi. Usivivue mpaka ufike hapa. Ukivivua nitajua."

Alivifunga miguuni kwa kamba ya wavu, visigino vyake vikining'inia nje. Alianguka kabla ya kufika barabarani. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo wapate kumtania: "Shangazi, twende, nakupeleka bure!" Mmoja alimrushia ganda la ndizi, mwingine jiwe. Pale Miembeni alikutana na wanawake wakiwa kwenye maandamano yao ya Siku ya Wanawake. Mfanyabiashara wa samaki aitwaye Stellah alimzuia, akamuuliza kama ana wazimu.

"Nilimtoboa mke wangu jicho kwa kiatu hiki," alijibu.

Stellah alimzaba kofi lililomwangusha tena. Kisha akamshika mkono, akamwinua, akasema, "Tembea. Nataka kuona kama utafika." Wanawake wapatao ishirini walimfuata mpaka Kahororo. Alipofika, damu ilikuwa imejaa viatuni. Immakulata alimtazama miguu.

"Sasa unaijua barabara," alisema. "Mimi bado hunijui." Akafunga mlango.

Mwaka uliofuata, tarehe ileile, alirudi na viatu vile, safari hii na Shilogile, mvuvi mwenzake wa Goziba. Limi, dada yake Shilogile, alikuwa amepigwa na mumewe akiwa na mimba ya miezi saba, akavuja damu mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, tangu asubuhi hadi alipokufa jioni, kwa sababu hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kumvusha kabla ya shehena ya dagaa kujaa. Hivyo waliamua kuchangisha fedha za boti ya kuwavusha wanawake. Kila mwaka wanaume waliongezeka, kila mmoja na mchuchumio wake, na masharti yalikuwa mawili: useme kwa kinywa chako mikono yako ilifanya nini, na usivue mpaka ufike. Wako waliokuja kwa mzaha, wakajikuta wanalia mbele ya maduka. Wako waliopigwa na shemeji zao papo hapo. Marehemu hakuwatetea. Mwaka jana boti ilinunuliwa, ikaitwa Limi.

Jumamosi iliyopita, tarehe 8 Machi, matembezi yalifanyika Goziba kwa mara ya kwanza, kutoka kambini hadi mwaloni ilikofungwa boti. Zilikuwa zimebaki hatua kama hamsini. Mvuvi mmoja, ambaye mkewe alivushwa na boti hiyo mwezi Januari akiwa amevunjwa taya, alisimama njiani na kasia. Jina lake liko mbele ya sheria, hatulitaji hapa.

"Nyundo! Umekuwa mwanamke siku hizi? Mke wangu umemweka wapi?"

"Yu hai," marehemu alisema. "Hilo ndilo la kushukuru."

Shilogile alipiga kelele, "Kaka, vua viatu, kimbia!"

"Sijafika."

Pigo la kwanza lilivunja bega, la pili mbavu. La tatu lilimpata kichwani. Alipokuwa chini alikanyagwa. Wavuvi walimkamata yule mtu, wakaanza kumpiga kwa mawe na kumburuta kwenda majini, na wangemuua. Marehemu aliinua kichwa, damu ikimtoka mdomoni.

"Mwacheni aende jela," alisema. "Mimi nilikwenda."

Wakamwacha. Walimpandisha marehemu kwenye boti ya Limi, mwanamume wa kwanza kuvushwa nayo.

Hospitalini mjini Bukoba hakukubali kuvuliwa viatu. Muuguzi alibembeleza, akashindwa. Jumapili jioni Immakulata alifika na Annastella. Kwa miaka saba marehemu alikuwa amemwuliza swali lilelile kila tarehe 8 Machi, mlangoni Kahororo, na hakuwahi kujibiwa. Aliuliza tena.

"Mama Annastella, umenisamehe?"

"Kwanza nikuvue viatu," alisema Immakulata. Akaikata kamba kwa wembe, akavivua kimoja kimoja, akamwosha miguu kwa beseni la wodini. "Umefika," alimwambia. Swali hakulijibu. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini.

Ameacha watoto watatu, wajukuu wawili na ndugu wanne. Ameacha pia boti moja, na wanaume thelathini na mmoja waliosimama leo nyuma ya jeneza, wamevaa viatu mnavyoviona. Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu tuliandika pia kwamba ameacha "mama wa watoto wake." Jana jioni tulimpa Immakulata aisome. Alisoma yote, akaomba kalamu, akayakata maneno hayo, akaandika juu yake "mjane."

Tulimwuliza kama ana hakika.

"Mjane mwenye jicho moja," alisema. "Andikeni yote mawili."

Tumeandika. Joackim, swali lako limejibiwa. Viatu umekwisha vuliwa. Lala sasa, na Mungu akupe amani ambayo mikono yako ilichelewa kuijua.