Mkono wa Koti na Uzito wa Cheche

Ngumi ya kushoto ya Pasipoti ilitoka vizuri kabisa. Ubaya ni kwamba mkono wa koti ulitoka nayo. Na koti lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la bwana harusi, bado limeshikizwa kwa uzi mweupe tu, na Pasipoti, fundi cherehani, alikuwa amelivaa aone linavyokaa mabegani. Mjadala wa ngumi ukamkolea, akasahau kuwa yumo ndani ya nguo ya mtu. Mkono ukapaa, ukapita juu ya kipara cha Bucha, ukatua pembeni mwa jiko la kahawa, na Birika, muuza kahawa, akaunyakua kabla haujashika moto. Bwana harusi mwenyewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anavuka barabara kuja kujaribu koti lake, aliona yote.

— Karibu, bosi, alisema Pasipoti, jasho likimtoka. — Nilikuwa napima kama litahimili kucheza muziki.

— Na limehimili?

— Upande wa kulia, ndiyo.

Bwana harusi akaketi mwisho wa benchi, akapewa kikombe. Benchi hilo liliegemea ukuta kati ya chumba cha cherehani na saluni ya Wembe, kinyozi ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko vifaa vyake. Birika aliuza kahawa hapo hapo, na Bucha alikuwa na duka la nyama ng'ambo ya pili, ingawa wateja wake walijua kumfuata kwenye benchi. Pasipoti alipata jina lake kwa sababu ujana wake ulipita melini akifua mataulo, na hadithi zake zote huanzia bandarini.

Siku hiyo lakini hawakuwa wanapitisha muda. Mpwa wake Pasipoti, chipukizi wa uzito wa welta wanayemwita Cheche, alikuwa ameitwa apigane Jumamosi na Komeo, mkongwe wa uzito huo, ambaye miaka yote hii hajatokea wa kumfungua. Asubuhi dada yake Pasipoti, mama wa Cheche, alikuwa amempigia simu.

"Kaka, mjomba ni wewe na uliyetembea ni wewe. Waandaaji wanataka jibu leo mchana. Ukisema apande ulingoni, atapanda. Wakinirudishia mtoto hajui jina langu, nitakufuata hapo hapo kwenye benchi lenu."

Pasipoti alimjibu kwa sauti nene, akakata simu, akaja kuwauliza wenzake wa benchi.

— Apigane! alisema Wembe. — Komeo keshaisha. Mimi ndiye ninayemnyoa, kichwa kimejaa mabonde.

— Mabonde ndiyo silaha, alidakia Bucha. — Ngumi ikiingia bondeni inapotea. Halafu wewe hujui nyama. Ya dume kongwe unachemsha mpaka mkaa unaisha, haiivi. Ya ndama unaionyesha moto tu, tayari. Cheche ni ndama.

— Usimwite mpwa wangu ndama!

— Namsifu, ndugu yangu. Ndama ana bei.

— Wote mmepotea, alisema Birika. — Komeo anakunywa kahawa yangu bila sukari, vikombe vinne, hakunji uso. Mtu wa hivyo ngumi ataisikia wapi?

— Kwa kahawa yako, alisema Wembe, — sote hapa tunastahili mkanda.

Pasipoti, sindano mdomoni, alikuwa amelivua koti na anaurudishia mkono wake. Akaitoa sindano.

— Nilipokuwa melini, bandari moja hivi, nilishuhudia chipukizi akimwangusha mkongwe huku macho yamefumbwa.

— Alipigana amefumba macho?

— Niliyefumba ni mimi. Niliogopa kutazama.

Walicheka, naye akacheka kuliko wote, lakini sindano ilimchoma kidole mara mbili.

— Sikilizeni, alisema Wembe, amesimama sasa. — Cheche hajawahi kupigwa, kwa hiyo hana la kukumbuka. Komeo anakumbuka ngumi zote alizowahi kula. Raundi ya sita zitamrudia kwa pamoja. Atapigwa na Cheche pamoja na watu ishirini wa zamani!

— Basi na yeye aje na zile alizowapiga, alisema Bucha. — Hao ni watu arobaini upande wake.

— Ulingo utajaa huo, alisema Birika. — Mimi kahawa nitauzia wapi?

Bwana harusi akakohoa.

— Samahanini, wakubwa zangu. Huyo Cheche ana kilo ngapi?

Bucha akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Birika. Birika akachungulia ndani ya birika.

Pasipoti aliigusa futi iliyoning'inia shingoni mwake. Mwezi huu bukta ya Cheche ameibadilisha mpira wa kiuno mara mbili, na mara zote mbili alikilaumu kitambaa, kwamba kimerudi baada ya kufuliwa.

— Bosi, hebu simama.

Akamzungushia futi kiunoni, akasoma, akasoma tena.

— Wewe una kilo ngapi?

— Sabini na sita.

— Kiuno ni hiki hiki. Na Cheche anakuzidi urefu.

— Welta mwisho sitini na sita na kidogo, alisema Wembe polepole.

— Mimi nilikuwa namwekea maini tu, alisema Bucha. — Kila jioni. Apate damu.

— Mimi mayai, alisema Wembe. — Ya kuchemsha lakini.

— Mimi maziwa, alisema Birika. — Sukari kidogo. Vijiko vitano.

Kumbe chipukizi wao walikuwa wamemmwagilia mpaka amekuwa mti.

— Si neno, alisema Wembe. — Tumvishe nailoni, akimbie juani, maji tumnyime mpaka Jumamosi…

— Hapana. Pasipoti hakuwa anatania tena. — Mtoto wa dada yangu si nguo, haanikwi.

Simu ikaita mfukoni mwa koti, lililokuwa juu ya benchi bila mkono: dada. Pasipoti akaitoa, akaishika kama kitu kilichotoka jikoni, akawageukia wenzake mmoja mmoja, mwisho akamfikia bwana harusi.

— Sasa nimwambie nini?

— Mwambie mwanawe hana uzito wa welta. Halafu mwambie na mimi sina mkono. Shona.