Aliyeshika Pindo la Koti

Mwaka wa 1978, katika basi la kutoka Shauri Moyo, mwanamke aliyejitaja kuwa Mama Awiti aliketi karibu na Bi Muhiba wa Majengo. Nilikuwa nyuma yao, nikijifanya natazama nje.

"Damu ilinitoka miaka mingi, dada yangu. Majirani waliacha kula kwangu. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa maombi, nilitambaa kati ya watu wakinikanyaga vidole, nikashika pindo la koti la mhubiri. Hata hakugeuka. Damu ikakoma palepale."

Abiria wote tulinyamaza, jambo ambalo katika basi lile ni muujiza mwingine.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Muhiba. "Na vidonge vya hospitali ulimeza?"

"Nilimeza."

"Basi ni vidonge, mwenzangu."

"Miaka yote hiyo mbona havikuniponya?"

"Na koti lina nini?"

"Koti halina kitu. Ni mimi niliyekataa kufa."

Basi lilisimama Gikomba. Mama Awiti akajitwika gunia lake la sukuma wiki, akashuka bila kushikwa mkono.

"Vidonge usiache!" Bi Muhiba aliita dirishani.

"Siachi! Na maombi siachi!" alijibu akicheka, akaingia sokoni.