Kilomita Tatu Kufika Mtoni

Benchi ni ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mawili, nje ya kibanda cha chai cha Gogo Chepkorir, kwenye njia panda iliyo juu kidogo ya Chepilat, pale barabara ya murram inapoachana na lami na kushuka mtoni. Wakishapeleka majani ya chai kwenye mizani, wanaume watatu hukaa hapo mpaka jua liwafukuze. Waziri, ambaye jina lake ni Kipkemoi, hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote. Aliendesha lori la majani miaka ishirini na bado anakaa kama ameshika usukani. Redio ni Kipkirui, anayelala na redio yake ya betri kifuani na kuamka na habari za dunia nzima isipokuwa za nyumba yake. Injinia ni Kebaso, fundi wa baisikeli kutoka upande wa Kisii. Asubuhi hiyo ya Mei, mwaka wa tisini na tisa, walikunywa chai yao polepole, kwa sababu kwenye dirisha la kibanda kulikuwa na jerikeni ya maziwa ambayo haijachukuliwa.

Maziwa yalikuwa ya Phelis, mjukuu wa Gogo. Jana yake, saa tisa, alipita hapo ndani ya Landrova ya wazungu wawili waliotoka Nairobi kutafuta mahali pa kupiga kambi, msituni, ng'ambo ya mto. Yeye ndiye mpishi wao. Alisema atapanda saa moja asubuhi kuchukua maziwa ya chai ya wageni. Sasa ilikuwa saa nne.

— Wamelala tu, Gogo, alisema Waziri. Mzungu akiingia kwa hema, analala mpaka jua imuamshe.

— Phelis si mzungu. Nimemlea mimi. Kuku hajawahi kumtangulia kuamka.

— Labda wamepotea kidogo, alisema Injinia.

— Na ile mashine yote? aliuliza Gogo.

Mashine wote waliiona. Ilikuwa nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni ya mche, imefungwa mbele ya dereva, na kioo chake kilionyesha mshale na namba. Dereva, kijana mmoja mpole aliyeitwa Onyancha, aliwaeleza kwamba inaongea na satelaiti; inajua gari liko wapi na kambi iko wapi. Kilomita tatu, ilisema. Mshale ulielekea chini, mtoni.

— Shida ni hiyo satelaiti, alianza Redio. Ni ya jeshi la Amerika. Saa hii kuna vita huko Ulaya. Wakiwa na vita wanaivuta kule, sisi huku tunabaki na makombo.

— Satelaiti si ng'ombe ivutwe, alisema Injinia. Shida ni majani chai. Hebu kaa juu huko, uangalie chini. Unaona nini? Kijani. Kutoka Kapkatet mpaka Kericho, kijani imenyolewa sawasawa. Mashine itajua hii ni ya nani na ile ni ya nani?

— Na mawingu je? aliuliza Redio.

— Na mawingu juu yake! Kila siku saa nane tumefunikwa kama sufuria.

— Mnaongea kama watu waliowahi kupanda kitu kirefu kuliko punda, alisema Gogo.

Waziri aliweka kikombe chini.

— Mimi nawaambia hiyo mashine haijakosea. Inajua sana. Hao hawatafuti kambi. Kambi gani iko kule? Choo hakuna, duka hakuna. Wanapima mashamba. Ngojeni mwezi ujao, mtaona vigingi katikati ya chai yenu.

— Wacha, buda! alisema Injinia.

— Vigingi vyekundu. Nimeendesha lori, najua watu wanaokuja na namba.

— Au ni ile ugonjwa ya mwaka elfu mbili, alisema Redio. Kompyuta zote zitasimama, ndege zianguke. Hiyo yao imeanza mapema. Saa hii inafikiri ni mwaka wa sifuri. Inatafuta barabara kabla barabara haijachimbwa.

Siku nyingine wangecheka mpaka chai imwagike. Gogo alichukua kikombe kilichokuwa safi, akakifuta. Alijua kwa nini wanaume hao walikuwa wanazungumza juu ya mambo ya angani. Hakuna aliyetaka kuzungumza juu ya daraja.

Daraja la mbao la kule chini lilibebwa na mvua ya Elinino, mwanzo wa mwaka uliopita. Barabara haikufungwa, nani angeifunga? Inashuka vizuri, inapinda nyuma ya mikaratusi, halafu inaishia hewani. Wenyeji huvuka juu ya mawe wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha huzunguka hadi daraja la saruji, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mashine ilipima kama kunguru anavyoruka, moja kwa moja juu ya mto. Na Phelis alikuwa Nakuru, jikoni kwa watu, tangu kabla ya mvua hizo.

Sasa, watu wa hapo wana heshima yao. Mgeni akiuliza njia, humwambii amekosea. Unamwambia ni hapo tu. Onyancha alitoa kichwa dirishani akauliza, hii ndiyo barabara ya mtoni? Waziri akajibu, ndiyo hii, hapo tu mbele. Redio akasema karibuni sana. Injinia akapiga gurudumu teke, akasema gari ni fiti. Hakuna aliyesema uongo.

Gogo alikuwa amefungua mdomo. Lakini Phelis, ameketi mbele na miwani ya jua, alicheka wanaume wote wakisikia: "Gogo, siku hizi hatuulizi njia. Mashine inajua." Basi Gogo, ambaye hakuwa amemeza neno lolote tangu abatizwe, akalimeza hilo moja. Na ijue, akajisemea. Alidhani watafika ukingoni, waone hewa, warudi na aibu yao, naye awapokee na chai na maneno. Kabla gari halijafika kwenye mikaratusi, mvua ikashuka. Gari halikurudi, naye akajiambia wamepata njia nyingine.

— Ni nani huyo anatoka upande wa lami? Injinia aliuliza.

Alikuwa na kiatu kimoja. Sketi yake ilikuwa tope mpaka kiunoni, na miwani haikuwepo. Wanaume walisimama. Gogo alishika nguzo ya kibanda.

— Wazungu wako hospitali, Kapkatet, alisema Phelis. Lori la maziwa limetuokota kwa daraja ya saruji. Tulitembea usiku kucha upande ule mwingine. Landrova iko ndani ya mto. Mvua ilikuwa kwa kioo, hatukuona kitu. Tulikuwa tunaangalia mshale tu.

— Na Onyancha? aliuliza Injinia.

— Maji ilimbeba. Tumeita mpaka sauti ikaisha.

Hakuna aliyekaa tena. Phelis aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu kondoo.

— Hiyo daraja ilienda lini?

— Mwaka jana, alisema Waziri, akiongea na mikono yake.

— Kwa hivyo mlijua.

Ni Gogo aliyejibu.

— Tulijua. Mimi wa kwanza.

— Basi si mngesema? Kwa nini hamkusema?

Moto ulilia chini ya birika. Gogo akachukua jerikeni dirishani, akajaza kikombe, akamshikisha mjukuu wake kwa mikono yote miwili. Phelis alikishika bila kunywa.

Kisha Gogo akafungua kamba ya ng'ombe kwenye nguzo, akaikunja begani, akapita katikati ya wanaume.

— Mnangoja satelaiti? Twende tukamtafute. Huyo kijana ana mama.

Wakashuka wote wanne barabara ile ya mtoni, na hakuna aliyehitaji kuuliza njia.