Kopi Haikai Kiooni

Kijiwe chetu ni benchi mbele ya karakana ya Randa, seremala, pamoja na birika la kahawa lisilomsubiri mtu. Asubuhi hiyo Solo, aliyepigia bendi mpaka bendi ikafa kabla yake, alifika amekumbatia gitaa lake la umeme. Idara ya Utamaduni ilikuwa inaandaa maonyesho ya vyombo vya bendi za zamani, na mkaguzi angepita mchana kuchagua. Solo alitaka jambo moja tu: gitaa likae kwenye kabati la kioo, jina lake lisomeke chini, wajukuu waache kumwita mwongo. Tatizo, gitaa lenyewe ni kopi. Kichwani lina jina la kiwanda kisichojulikana hata kwao.

— Serikali haiweki kopi kiooni, — alisema Wakili, ambaye mahakamani kazi yake ilikuwa kufungua madirisha.

— Serikali hii hii isiyokuzika bila kopi tatu? — Solo akauliza.

— Sikiliza, Solo, — Wakili akaendelea. — Hili ni orijino. Kiwanda kikubwa kilikuwa kinakwepa ushuru, kikaliandika jina la uongo.

— Ushuru gani, babu! — Randa akaligonga gitaa tumboni. — Mbao hii ni nzee kuliko orijino. Wao ndio walioliiga hili!

— Walilionea wapi?

— Si Solo alipiga kwenye harusi ya balozi? Jasusi hakosi harusi.

Solo akakumbuka kwamba kweli, mgeni mmoja hakucheza hata wimbo mmoja.

— Basi tulifute hilo jina, — akaamua Wakili. — Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inakataza kuficha, mzee, — Randa akamsahihisha.

— Inakataza uchi.

Randa akaleta msasa. Solo akafumba macho kama anayechomwa sindano. Jina likaondoka, na mahali pake Randa akaandika kwa rangi ya dhahabu lile jina kubwa linalojulikana dunia nzima. Akalianika juani mpaka likakauka.

Mchana mkaguzi akafika, mama wa makamo, begi begani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu! Gitaa ndilo hili.

Akasoma kichwani, akasikitika.

— Pole, mzee. Haya ya majina makubwa tumeletewa mpaka tumechoka. Mimi natafuta zile kopi za zamani. Ndizo zilizopigwa na bendi zetu. Orijino nani aliimudu?

— Ni kopi! — Solo akaruka. — Kopi, mwanangu! Kopi ya kuapia!

— Nani hapa anaweza kuthibitisha?

Randa akauficha msasa nyuma ya mgongo, akaingia karakanani. Wakili, mwenye jibu la kila swali, akanyoosha kikombe aongezewe kahawa. Hakuna aliyemmiminia.