Uji wa Mzazi Ambaye Hajazaa

Kwenye basi la Same nilikaa nyuma ya Bi Sumaiya, aliyepakata kidumu cha uji wa mzazi wakati mzazi mwenyewe hajazaa.

“Mkwe wangu chupa ya uzazi imepasuka, maji yanamtoka siku ya nne leo, mimba ya miezi saba,” alimwambia binti mjamzito aliyekaa naye. “Daktari kamchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, ati tusubiri, ila akipata homa watamzalisha. Sasa uji nimpe nani?”

“Mama, na maji yakitoka kidogokidogo, bila uchungu?”

“Huo mkojo, mwanangu. Nimezaa wanane.”

Kwa wanane hao, hata mimi niliamini.

Basi likasimama hospitali. Binti aliinuka, akakaa, akainuka tena. Kanga aliyoikalia ilikuwa imelowa chapachapa. Bi Sumaiya aliitazama, na safari hii hakusema ni mkojo.